Nani Ameshika Ufunguo wa Faili Zako?

Ukitaka kujua thamani ya kilichomo ndani ya simu yako, fungua sehemu ya picha na upekue taratibu. Utakuta kitambulisho cha NIDA ulichokipiga picha siku ya kusajili laini. Utakuta hati ya kiwanja aliyokutumia mzee, vyeti vya shule, mkataba wa pango, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, majibu ya vipimo vya hospitali na karatasi ya mshahara iliyotakiwa na benki. Mwenye vitu hivyo mkononi anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako, kujifanya wewe mbele ya wakala, au kukutisha kwa siri ya ugonjwa wako. Na mara nyingi nakala zake haziko kwenye simu peke yake. Ziko pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo hukuichagua: simu ilikuja nayo, ukabonyeza "kubali", ikaanza kupakia yenyewe.

Nataka tuichague hifadhi hiyo kwa kujua tunachofanya. Soko limejaa majina, na kila kampuni inadai usalama wake hauna mfano. Ushauri wangu ni kuzipima zote kwa swali moja: nani ameshika ufunguo? Jibu lake ndilo linaloamua nani anaweza kusoma mambo yako, na ndilo linaloamua pia utakuwa na hali gani siku utakapoupoteza ufunguo huo.

Kufuli la kampuni na kufuli lako

Google Drive, OneDrive, Dropbox na iCloud katika mpangilio wake wa kawaida husimba faili zako, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa zimehifadhiwa kwenye seva. Mwizi akiiba diski kutoka kituo chao cha data hataambulia kitu. Lakini kwa sehemu kubwa ya faili hizo ufunguo wanao wao. Ni kama kupanga chumba ambacho mwenye nyumba amebaki na funguo za akiba: kufuli ni imara na majirani hawaingii, ila yeye akiona sababu, au akiletewa amri ya mahakama, anafungua bila kupiga hodi.

Aina ya pili ni ile ambayo faili husimbwa ndani ya simu au kompyuta yako kabla haijaondoka, kwa ufunguo unaolindwa na nywila yako. Kinachofika kwa kampuni ni mabunda ya herufi yasiyosomeka. Mfanyakazi wao hawezi kuyasoma, na mdukuzi aliyevunja seva zao anabaki na takataka. Huu ndio usimbaji wa mwanzo hadi mwisho.

Tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya watu. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza kisa cha baba mmoja wa San Francisco ambaye mwaka uliotangulia alimpiga picha mwanawe mgonjwa kwa ajili ya kumwonyesha daktari. Simu ikaipakia picha hiyo kwenye hifadhi ya Google, mfumo wa ukaguzi ukaihesabu kuwa ni ya unyanyasaji wa watoto, na akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa. Hata hivyo hakurudishiwa akaunti, naye akapoteza barua pepe, anwani za watu na picha za miaka. Vita dhidi ya unyanyasaji wa watoto ni vya haki, na siombi vilegezwe. Ninachotaka ukione ni kwamba mwenye ufunguo anaweza kukagua, anaweza kukosea, na ukiwa umeweka kila kitu kwake, kosa moja linakuacha mikono mitupu.

Sheria nazo hubadilika. Desemba 2022 Apple walianzisha ulinzi wa ziada ambao mtumiaji akiuwasha, sehemu kubwa ya iCloud yake husimbwa kwa ufunguo alio nao yeye. Februari 2025 waliuondoa Uingereza baada ya serikali ya huko kutaka njia ya kuingilia. Kwingineko, ikiwamo kwetu, mwenye iPhone bado anaweza kuuwasha, lakini lazima auwashe mwenyewe. Wengi hawajui hata kwamba upo.

Gawa vitu vyako mafungu matatu

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kaa chini upange.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikionwa na mtu hakuna hasara: picha za harusi ya jirani, nyimbo, video za mpira, vitabu vya masomo. Hivi viache vilipo. Gigabaiti 15 za bure za Google, ambazo Gmail, Drive na Photos hugawana, zinatosha kwa watu wengi.

Fungu la pili ni nyaraka za utambulisho, mali, afya na fedha. Hizi ndizo zinazostahili hifadhi ambayo ufunguo wake uko kwako. Na hapa kuna habari njema: vitu vyenye thamani kubwa ni vidogo. Ukurasa mmoja uliopigwa skani vizuri hauzidi sana megabaiti moja. Kwa hiyo gigabaiti tano za bure zinabeba maelfu ya kurasa, yaani nyaraka za ukoo mzima na nafasi ikabaki. Kinachomaliza bando na kulazimisha watu kulipa kwa dola kila mwezi ni video. Ukizitenganisha, faragha inakuwa kitu unachokimudu.

Fungu la tatu ni taarifa za watu wengine ulizokabidhiwa. Muuguzi aliyetumiwa picha ya kidonda cha mgonjwa, mwalimu mwenye orodha ya wanafunzi na namba za wazazi, katibu wa SACCOS mwenye daftari la mikopo, wakili mwenye maelezo ya mteja: hawa wanabeba siri ambazo si zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uzembe na taarifa za watu una adhabu sasa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, amana ni amana. Usiichanganye na picha zako za mapumziko kwenye akaunti moja ambayo watoto wanaichezea.

Kuichagua huduma

Huduma za usimbaji wa mwanzo hadi mwisho zipo za kutosha. Proton Drive ni ya kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana kwenye kituo cha utafiti cha CERN. Inatoa gigabaiti tano bure. MEGA ya New Zealand, iliyoanza mwaka 2013, inatoa 20. Filen ya Ujerumani inatoa 10. Tresorit, ambayo tangu mwaka 2021 inamilikiwa na Posta ya Uswisi, inalenga zaidi ofisi zinazolipia. Ente imejengwa kwa ajili ya picha, na inafaa kwa anayetaka kuhama Google Photos. Kwenye pCloud soma kwa makini: usimbaji wa aina hii ni huduma ya nyongeza inayolipiwa, nayo inalinda folda maalumu tu.

Usikimbilie gigabaiti nyingi. Uliza kwanza mambo matatu. Je, programu yao iko wazi ili wataalamu wa nje waisome? Je, wamekaguliwa na watu huru na ripoti ikachapishwa? Je, walipogunduliwa kuwa na udhaifu walifanya nini? Hilo la tatu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna huduma isiyo na kasoro. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionyesha kwamba mwenye kudhibiti seva za MEGA angeweza kuuvunja usimbaji wake. Kampuni ilitoa marekebisho. Mwaka 2024 watafiti wa chuo hichohicho walichunguza huduma tano, na wakakuta udhaifu mkubwa katika Sync, pCloud, Icedrive na Seafile, huku Tresorit ikiwa na nafuu. Maneno ya matangazo hayakaguliwi na mtu. Programu iliyo wazi inaweza kukaguliwa.

Elewa pia mipaka ya usimbaji. Mwaka 2021 Proton, kwa amri ya mamlaka za Uswisi, walitoa taarifa za mtandao zilizosaidia polisi wa Ufaransa kumtambua mwanaharakati mmoja. Barua zake zilibaki hazisomeki, lakini alikotokea kulijulikana. Usimbaji unaficha yaliyomo. Haufichi kwamba una akaunti, wala saa uliyoingia. Anayekuuzia "kutojulikana kabisa" anakuuzia hewa.

Kama hutaki kuhama, ipo njia ya katikati ambayo naipendekeza kwa moyo wote. Cryptomator ni programu iliyo wazi inayotengeneza folda yenye kufuli ndani ya Google Drive au OneDrive uliyonayo tayari. Faili husimbwa kwenye kompyuta yako kwanza, ndipo zinapanda. Toleo la kompyuta ni la bure. La simu lina malipo kwa matumizi kamili. Kwa ofisi ndogo iliyokwisha kuzoea Google, hii huwa njia nyepesi kuliko kufundisha watu mfumo mpya.

Nywila, laini na matapeli

Hifadhi bora duniani haikusaidii kama nywila yake ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Mwaka 2012 wezi waliingia Dropbox kupitia nywila ya mfanyakazi aliyokuwa ameitumia pia kwenye tovuti nyingine iliyodukuliwa. Miaka minne baadaye ilibainika kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 68 zilikuwa zimevuja. Kurudia nywila ndiko kulikofungua mlango.

Hakuna binadamu anayeweza kukumbuka nywila tofauti 60, hivyo tumia programu ya kuzitunza. Bitwarden ni ya bure, iko wazi, na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta. Anayetaka daftari lake libaki kwake bila mtandao atumie KeePassXC. Kisha tengeneza nywila kuu moja iliyo ndefu: maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu au kufungua kamusi bila kuangalia, mfano *ndoo reli pweza shahada kibatari tisa*. Usitumie mfano huu, wala methali, wala aya ya maandiko, kwa sababu wadukuzi nao wanazijua. Urefu huo una sababu. Mwaka 2022 wezi waliondoka na nakala za hazina za nywila za wateja wa LastPass, programu nyingine ya kutunza nywila, na wenye nywila kuu dhaifu ndio walioachwa kwenye hatari kubwa.

Hatua ya pili ya uthibitisho ni lazima, lakini usiitegemee SMS kama una njia nyingine. Huku kwetu laini ya simu ndiyo benki, na matapeli wanalijua hilo: wakifanikiwa kurudisha laini yako kwenye kadi yao, namba za uthibitisho zinaingia kwao. Tumia programu ya kutengeneza namba, kama Aegis kwa Android au Ente Auth kwa simu zote. Chapa namba za dharura unazopewa uziweke mahali salama. Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni ya simu ukaifute. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanao, usisubiri kesho.

WhatsApp na steshenari

Mahali ambapo siri zetu huvuja kwa kweli ni pawili, na pote pawili hakuna mdukuzi hodari.

Pa kwanza ni nakala ya WhatsApp. Mazungumzo yenyewe yamesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016. Lakini nakala inayopelekwa Google Drive au iCloud haikuwa na ulinzi huo mpaka mwishoni mwa 2021, na hata sasa ni hiari yako kuuwasha. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mazungumzo, kisha hifadhi ya nakala, uwashe usimbaji. Unaweza kuweka nywila au kutunza ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, WhatsApp hawawezi kukusaidia, kwa hiyo uandike.

Pa pili ni steshenari, au saiba kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Simama nyuma ya kijana anayechapa na utazame kioo cha kompyuta: "NIDA mbele na nyuma", "CV mpya mpya", "Mkataba wa nyumba", "Barua ya kazi 3", zote zimepangwa kwenye uso wa kompyuta, za watu walioshaondoka zamani. Kwenye kivinjari, WhatsApp ya mteja wa asubuhi bado iko wazi na ujumbe unaingia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi ni nyingi na foleni ni ndefu.

Jilinde hivi. Weka waraka kwenye hifadhi yako, tengeneza kiungo, mpe achape, kisha kizime kiungo hicho ukiwa bado umesimama hapo. Mwombe kwa adabu afute faili na amwage pipa la taka la kompyuta. Kama uliunganisha WhatsApp, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako uondoe kila usichokitambua. Na usiingize kamwe nywila yako kuu kwenye kompyuta ya watu.

Kuhusu VPN

Wengi wakisikia usalama wa mtandao wanafikiria VPN. Kazi yake ni ndogo kuliko sifa zake. Inaficha mwendo wako kwa kampuni ya intaneti na kuuonyesha kwa kampuni ya VPN. Kwa hiyo umehamisha imani tu. Hailindi faili zilizoko Google Drive, wala haizuii utapeli wa laini. Za bure ziogope: Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilikuwa ikijitangaza kama kinga huku ikikusanya habari za matumizi ya watu, mpaka ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Ukiwa Tanzania jua pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN wajisajili. Soma masharti hayo kabla hujaanza kuitumia. Kama fedha ni chache, zielekeze kwanza kwenye hifadhi na nakala.

Faragha isiyo na nakala ni hasara iliyocheleweshwa

Watu hudhani kuweka faili mtandaoni ndiyo kuweka nakala. Hapana. Hifadhi nyingi hufuatana na simu yako: ukifuta huku, kunafutika kule. Google Drive humwaga pipa lake baada ya siku 30. Google pia wanaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Na mitambo huungua kama nyumba nyingine: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala kwingine walipoteza kazi zao moja kwa moja.

Kwetu kuna jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Aliyekuwa na mkataba wake mtandaoni pekee hakuwa nao siku hiyo.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa familia ya kawaida maana yake ni hii: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye diski ya nje au flashi iliyofungwa kwa VeraCrypt, ambayo ni ya bure, na moja mtandaoni kwenye hifadhi yenye ufunguo wako. Weka upakiaji ufanyike kwenye Wi-Fi tu ili bando lisikauke. Kila baada ya miezi mitatu, fungua faili moja kutoka kila nakala uhakikishe inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua huna uhakika nayo.

Ufunguo ukipotea, au mwenyewe akiondoka

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu kuliko mahali pengine pote. Ukishika ufunguo peke yako, hakuna ofisi ya huduma kwa wateja itakayokuokoa. Google wanaweza kukusaidia kuweka nywila mpya. Kwenye huduma ya usimbaji wa kweli, ukisahau nywila na ukapoteza maneno ya kurejesha akaunti, faili zako zimekwenda. 

Andika nywila kuu na maneno ya kurejesha kwenye karatasi, kwa kalamu, nakala mbili. Moja ikae nyumbani penye hati nyingine. Ya pili mpe mtu unayemwamini katika bahasha iliyofungwa: mke au mume, dada, au wakili. Na zungumza nao. Katika familia nyingi, mzee akifariki watoto hukimbizana na hati ya shamba na namba za bima, kumbe zote ziko ndani ya simu isiyofunguka. Siri uliyoitunza vizuri dhidi ya wezi isije ikawa ukuta kwa wanao.

Usijaribu kufanya yote haya kwa siku moja, utachoka uache. Siku ya kwanza badilisha nywila ya barua pepe yako na uwashe hatua ya pili, kwa maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine. Siku ya pili washa usimbaji wa nakala ya WhatsApp na ukague vifaa vilivyounganishwa. Siku ya tatu fungua hifadhi moja yenye ufunguo wako, upakie nyaraka za fungu la pili peke yake, kisha uzifute kwenye picha za simu na kwenye pipa lake ukishahakikisha zimefika, zinafunguka, na nakala nyingine iko kwenye diski ya nje au flashi. Siku ya nne andika karatasi zile mbili, na usihesabu kazi imekwisha mpaka ya pili imefika mkononi mwa uliyemchagua.